Kwa Kijana Anayetaka Kuishi kwa Kalamu

Huenda nyumbani mwako yupo kijana ambaye kila jioni huandika daftarini, na sasa ameanza kusema kwamba anataka kuishi kwa kalamu. Usimcheke, wala usimsifu upesi. Mpe kwanza maneno haya ayasome, maana mimi nimeifanya kazi hiyo miaka mingi hapa Kibiti, na sijaajiriwa na gazeti lo lote. Twaitwa waandishi wa kujitegemea: habari ikitoka twalipwa, isipotoka hatulipwi.

Habari yangu ya kwanza ya kuitafuta mbali ilikuwa ya wakata mikoko. Nilishuka Nyamisati, nikapanda mashua mpaka ndani ya delta, nikalala kwa watu wasionijua, wakanilisha wali na samaki bila kuniuliza jina. Niliporudi nikahesabu nauli ya bodaboda, nauli ya mashua na bando la kupelekea picha: shilingi 31,000. Habari ilitoka vizuri sana, na picha yake. Nikapokea shilingi 20,000, tena baada ya miezi mitatu. Mama akaniuliza, "Mwanangu, sasa wewe umeuza ama umenunua?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nina madaftari mawili, moja la habari na moja la fedha, na hilo la fedha ndilo lililonizuia nisiiache kazi hii. Tena siendi safari kwa habari moja. Aprili 2024, mto Rufiji ulipofurika ukaingia mashambani na majumbani mwa watu, nilirudi na habari tatu: ya mpunga uliopotea, ya watoto waliokosa masomo, na ya wenye mitumbwi waliovusha jirani zao. Kila mhariri nilimpa yake, maana kumwuzia mtu kitu ulichokwisha kumwuzia mwingine ni wizi. Na kabla ya kuandika huuliza, mtanilipa kiasi gani, na lini? Zamani niliona haya. Lakini muuza samaki haoni haya kutaja bei, nami kwa nini nione?

Vijana wengine huniambia, achana na magazeti, fungua blogu. Nilifungua. Mwaka 2018 zikaja kanuni za kutaka leseni, shilingi milioni 1 ya kuanzia na milioni 1 ya kila mwaka, nami nikaifunga siku ile ile. Baadaye ada zilipunguzwa, basi waulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, mambo yalivyo sasa. Usitegemee ikulishe. Faida yake ni kama ya meza ya sokoni: mhariri asiyekujua hupita, akaona bidhaa zako.

Lakini liko jambo jingine, na hilo si la fedha. Wakubwa wanaikumbuka miaka ya 2015 mpaka 2017, viongozi wa vijiji na askari walipokuwa wakiuawa katika wilaya hizi. Aprili 2017 polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Aliyeziandika habari hizo kutoka hapa hapa Kibiti ni Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea kama mimi, aliyeliandikia Mwananchi. Tarehe 21 Novemba 2017 alikwenda kwa mkewe shambani, akiwa na watu ndani ya gari jeupe, akamwuliza ufunguo wa nyumba ulipo, akasema ana safari ya ghafla. Mkewe alikuwa mjamzito. Azory hajaonekana tena mpaka leo.

Nilipoisikia habari hiyo nilikaa wiki nyingi bila kuandika hata barua. Mama hakunishauri kuacha wala kuendelea. Aligongomea msumari nyuma ya mlango tu, akasema nitundike hapo karatasi kila ninapotoka: ninakwenda wapi, kwa nani, nahodha wa mashua ni nani, nitarudi siku gani, na simu ya mhariri. Nami sasa simpelekei mhariri habari ya hatari mpaka nimwulize kwanza, nikipatwa na neno, ninyi mtafanya nini? Wako waliokaa kimya. Hao siwaandikii.

Mama hajui kusoma. Lakini karatasi ikiwa bado msumarini jioni ya siku niliyoitaja, humwita mtoto wa jirani aje amsomee, naye huanza kupiga simu.