Kamyo ya singa na sanduku ya zamani



Wengi wametuuliza juu ya ile meza iliyokuwa karibu na mulango wa biblioteki muhula uliopita: kwa nini motokari ndogo zilipangwa pale, na kwa nini sisi wa mwaka wa mwisho tulizichunga kama mayai. Tunajibu hapa, kwa sababu maneno mengi yasiyo ya kweli yamepita mu dortwari.

Tuanze na sanduku. Tulipopewa kazi ya kupanga depo, nyuma ya vitabu vya nyimbo vilivyokuliwa na mende, tulikuta sanduku la kartoni lenye picha ya Ford. Ndani yake vipande vya plastiki, vingine vikiwa vingali vimeshikamana na kijiti chao kama matunda kwenye tawi. Lilitoka kwa kiwanda AMT cha Marekani. Kiwanda hicho kilianza 1948 kwa kufanya motokari ndogo za kuonyesha kwa wauzaji wa motokari, na 1958 kikaanza kuuza masanduku ambayo mutu anajijengea mwenyewe. Kipimo ni 1/25, ni kusema motokari ya meta 5 inakuwa ya sentimeta 20. Kule Ulaya na Marekani watu wazima, wenye ndevu na mishahara, wanatafuta sana masanduku ya zamani kama hayo. Wanaunganisha vipande kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo, wanapaka rangi, wanatia hata singa za moteri nyembamba kama nywele.

Sanduku letu lilikosa magurudumu 2 na kioo cha mbele. Nani atavifanya? Wote walitaja mutu mumoja, kijana wa mwaka wa 8 anayekaa Musonoi. Jina lake hatuandike, munamujua wote: ni yule anayetembea na pensi mu mufuko.

Hapa kwetu, toka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, na ngambo ya mupaka kule Zambia, watoto wanajua kufanya motokari za singa. Shasi ni singa nene ya chuma, iliyonyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe. Viungo vinafungwa kwa singa nyembamba ya mukuba, ile ya ndani ya moteri iliyoungua. Magurudumu yanakatwa mu sandali za mupira, na singa moja ndefu inapanda toka magurudumu ya mbele mpaka mu mukono wa mutoto, ili aendeshe akiwa amesimama. Watoto wengi wanaishia pale. Huyu wetu anaendelea. Kamyo yake Howo iko na ressort za mipira ya ndani ya kinga, iko na sanduku la nyuma linaloinuka, iko hata na bashi iliyofungwa kama ile ya makamyo yanayobeba mukuba kwenda Kasumbalesa. Singa ya kuendesha ameipitisha katikati. Tulimuuliza sababu. Akajibu: «Yaya, ku Congo tunapita ku kuume na usukani iko ku kushoto, lakini bataxi ba Kolwezi banatoka Japon na usukani ku kuume. Nikitia upande moja, batu banagombana. Mu katikati njo muzuri.»

Kioo cha Ford alikikata mu chupa ya plastiki, akakipinda juu ya mvuke wa sufuria. Magurudumu alifanya ya sandali, akayasugua chini ya simenti mpaka yakalingana na yale mengine. Mutu asiyejua hawezi kuyatofautisha. Kule Kinshasa kulikuwa Bodys Isek Kingelez (1948–2015), aliyejenga miji mizima ya kartoni, karatasi na mikebe. 2018 makumbusho ya MoMA ya New York ilionyesha kazi zake. Hatusemi kijana wetu ni Kingelez. Tunasema tu kwamba kartoni na mikebe si mambo ya kuchekwa.

Sasa, jambo lenyewe. Masomo ya musingi katika shule za umma ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa. Baba ya kijana anachimba kwa mikono. Bei ya kobalti ilianguka, tena Februari 2025 Serikali ikasimamisha kupeleka kobalti inje, kisha Oktoba 2025 ikaweka kota. Nyumbani kwao pesa ikakosekana. Jina lake likaingia mu liste ya wale wanaorudishwa nyumbani, na sisi ndio tunaosoma liste hiyo asubuhi mbele ya wote. Ni kazi ambayo hakuna mutu anayeitamani.

Kijana akataka kuuza makamyo yake. Lakini kanuni ya shule inakataza kuuza kitu mu kiwanja, na inakataza pia vyuma mu kalasi. Kati yetu wakubwa wengine walisema: tukiruhusu mumoja, kesho kutakuwa soko ya beignets na unité za telefoni. Wengine walisema: basi tumunyanganye pensi, halafu tumusomee jina lake asubuhi? Tuligombana usiku mbili, hata kelele ikasikika kwa mwalimu wa zamu. Mwishowe tukaenda watatu kwa Bwana Prefe. Alisikiliza, akauliza neno moja: mukuba huo unatoka wapi? Maana singa za umeme na za njia ya treni zinaibiwa sana hapa, na mutoto anaweza kufungwa juu ya hiyo. Tulimuonyesha moteri iliyoungua, toka garaji ya mujomba wake. Ndipo akatupatia meza, Jumamosi 2 za wageni, basi.

Makamyo 5 yaliuzwa, 15.000 Fc kila moja. Mugeni mumoja alitaka Ford na akatoa bei kubwa. Tulikataa, ni ya shule. Sehemu ya kwanza ya malipo imekwisha kulipwa, na jina limeondoka mu liste. Sehemu ya pili inangojewa mbele ya mutihani, na sisi tutakuwa tumekwisha kuondoka kwenda kufanya Examen d'État.

Kwa hiyo ameanza nyingine: Caterpillar 777, ile ya mu karyeri inayobeba tani 90 hivi. Gurudumu lake linafika karibu meta 2 na sentimeta 70. Kwa 1/25 ni karibu sentimeta 11. Mufuniko wa mukebe wa maziwa ya unga una 10, haitoshe. Anahitaji mifuniko 6 iliyo mipana kidogo, sababu nyuma magurudumu ni 4. Mwenye nayo alete dortwari ya 2, kitanda cha karibu na dirisha, mbele ya Ijumaa.