Chiriku wa Galápagos na Pamba Yenye Dawa

Kilomita 1,000 hivi magharibi ya pwani ya Ekuado vipo visiwa vya Galápagos, nchi ya miamba myeusi ya volkano. Charles Darwin alivizuru mwaka 1835, na chiriku wake wakapata sifa duniani.

Leo chiriku hao wana adui. Nzi mgeni hutaga viotani, na funza wake huwafyonza makinda damu usiku hata wakafa.

Mtaalamu Sarah Knutie aliwaona ndege wakichomoa nyuzi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akawawekea pamba, nyingine ina dawa ya permethrini, nyingine maji matupu. Katika utafiti uliotangazwa 2014, viota 22 kati ya 26 vilikutwa na pamba. Penye gramu moja ya pamba yenye dawa, funza walikuwa karibu hawapo. Ndege walijitibu wenyewe.

Nawe ufugaye chiriku nyumbani, jihadhari na utitiri ajifichaye katika nyufa za tundu mchana. Mtoe ndege, osha tundu kwa maji ya moto, ukaushe. Dawa usitumie bila shauri la bwana mifugo. Tiba huanzia pale alalapo mgonjwa.