Shekhe, Nisainie Barua



Leo tuzungumze jambo linaloletwa sana msikitini kwetu hapa Mjimwema, Songea. Mtu anakuja baada ya Isha, anazunguka kwa maneno, mwisho anasema: "Shekhe, nisainie barua kwamba unamjua baba yangu, kazaliwa hapa." Ukimdadisi, unakuta babu yake alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza 1964, akapokelewa Muhukuru. Wengine waliletwa na vita vilivyofuata baada ya uhuru wao wa 1975, wakawekwa Likuyu. Amani ilipopatikana 1992 wengi walirudi kwao. Baadhi walibaki, wakalima, wakaoa, tukazikana nao.

Kijana huyu hajui nchi nyingine. Lakini hana namba ya NIDA, na bila namba hiyo hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti benki, hapati pasipoti hata ya kwenda Hija. Shida yake ni ya kweli. Barua anayoitaka ni ya uongo. Siisaini.

Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alipotaja madhambi makubwa kabisa aliutaja ushahidi wa uongo, akaurudia na kuurudia mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze kwa kumhurumia. Basi mimi nani niuandike na kuugonga muhuri wa msikiti? Tena hata kwa dunia hauna faida, kwa sababu uraia uliopatikana kwa udanganyifu sheria inaruhusu kuunyang'anya. Utakuwa umemjengea mwenzako nyumba juu ya shimo.

Lakini ndugu yangu, kukataa peke yake si dini. Ukimzuia mtu mlango wa haramu, mwonyeshe wa halali. Na mlango huo upo, ila wengi hatuujui. Vijana wetu wanaweza kukusimulia bahati nasibu ya viza ya Marekani hatua kwa hatua, lakini njia ya uraia wa Tanzania hawaijui.

Sikiliza basi. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 ina njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Wa kuzaliwa, kwa namna mamlaka zinavyoitekeleza sheria, haitoshi kwamba ulizaliwa katika ardhi hii. Utaulizwa uraia wa wazazi wako. Kwa hiyo kabla hujatafuta shahidi, kaa na wazee wako. Vijana wengi wa hapa baba ana asili ya ng'ambo ya mto, lakini mama ni Mngoni wa Peramiho au Myao wa Tunduru, raia asiye na shaka. Huyu hahitaji uongo wowote. Anahitaji ukweli wa mama yake uliowekwa kwenye karatasi. Wa kurithi ni mtoto aliyezaliwa nje ya nchi kwa mzazi Mtanzania.

Tajnisi ni ya mgeni anayeomba. Awe ametimiza miaka 18, awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7 ndani ya miaka 10. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema. Maombi hutangazwa gazetini ili mwenye pingamizi aseme, na mwamuzi ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Akikubaliwa, anaukana uraia wake wa zamani, maana mtu mzima hapa kwetu hashiki uraia wa nchi mbili.

Na anayesubiri je? Kuna vibali vya ukaazi: daraja A la wawekezaji na wafanyabiashara, daraja B la walioajiriwa, daraja C la wengineo kama wanafunzi na watumishi wa dini. Kibali kina muda, huhuishwa. Tena NIDA hutoa kitambulisho kwa mgeni mkaazi halali pia, si kwa raia tu.

Msiseme haiwezekani. Mwaka 2014 nchi yetu iliwakabidhi uraia Warundi zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia kwao 1972 pamoja na watoto wao. Na kule Kenya, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 wakisema wazi wao ni nani na asili yao wapi. Wakapewa vitambulisho. Hawakuficha asili yao.

Hata Mtume wetu aliporudi kutoka Taif hakuingia Makka, mji aliozaliwa, mpaka alipopata dhamana ya Mut'im bin Adi, na Mut'im hakuwa Muislamu. Kuingia kwa idhini si unyonge. Na aliyeingia kwa amani, mafakihi wanasema, haifai kumhadaa aliyempa amani hiyo.

Basi mwenye shida hii afanye hivi. Akusanye alichonacho: kadi ya kliniki, cheti cha shule, cheti cha ndoa ya wazazi. Aende mwenyewe Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, aseme kweli yote. Asimpe kishoka pesa. Na mtoto akizaliwa leo, asajiliwe RITA mapema, asije kuhangaika kama babu yake. Mimi niko tayari kuandika ninalolijua: kwamba fulani namjua tangu mwaka fulani, anaswali na sisi, hana ugomvi na mtu. Hiyo nitaisaini mchana kweupe, na tukihitaji kwenda pamoja, tutakwenda.

Nawe uliye na kitambulisho, usimchongee jirani Uhamiaji kwa sababu mmegombania mpaka wa shamba. Watu wa Madina waliwapokea Muhajirina wakagawana nao mali. Sisi tunaombwa tu kusema kweli juu ya jirani, bila kuongeza wala kupunguza.

Wabillahi tawfiq.