Mkono Usiosimama

Mwanagenzi wa mandolini aghalabu hutamani mahadhi kabla ya mapigo, kwa kuwa mahadhi ndiyo yanayosifiwa. Hata hivyo, katika ala hii yenye nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, somo la kwanza ni la mkono wa kulia. Katika kila hesabu ya mapigo manne, mkono hushuka penye pigo na kupanda baina ya mapigo. Pigo linaporukwa, nyuzi haziguswi, ila mkono hausimami.

Bill Monroe (1911–1996) wa Kentucky, Marekani, mwasisi wa muziki wa bluegrass, aliyatilia mkazo mapigo ya pili na ya nne kwa mkato: nyuzi zikishalia tu, vidole vya mkono wa kushoto hulegezwa, sauti ikakatika. Muziki huo kwa desturi hauna ngoma. Mkato wa mandolini ndio ngoma yake.

Mwanafunzi wa ushairi ataelewa. Shairi likiimbika, hakuna anayeitaja mizani; ikipungua moja tu, kila sikio hukwazika. Vivyo hivyo mwanagenzi huyu: hujifunza kuwabeba wenziwe pasi na kutajwa, na kukihesabu hata kimya chake.