Moshi wa Ndia Kuu

Atokaye Ngomeni akaishika Ndia Kuu kuelekea Msikiti wa Mandhry, baada ya Alasiri, hukuta mabaraza yamejaa. Kahawa chungu ya dele ni ile ile, na kashata pia. Kilichopungua ni moshi. Utotoni tukitumwa dukani kununua sigara moja moja, wala hapana aliyeona ajabu. Sasa sheria ya mwaka 2007 yakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18, na hata kuuza sigara moja moja, ingawa vibandani zingali zikiuzwa.

Wanavyuoni wa zamani wengi waliishia kwenye makuruhu. Madhara yalipothibiti kwa matabibu, wengi wa leo wamesema ni haramu.

Lakini sheria haimfuati mtu chumbani mwake, na hapo ndipo kina mama hutuuliza. Tutazame Ramadhani. Pwani yetu saumu ni kiasi cha saa 13, na matabibu wasema kwamba baada ya saa 12 bila sigara, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi huwa imepungua damuni hadi kiwango cha kawaida. Basi mume hufika Magharibi damu imesafika. Akala tende, akanywa maji, kisha akakimbilia barazani kuwasha! Mke asimkaripie saa hiyo, kwani kichwa chamuuma. Amtilie uji, na watoto wamshike mkono kwenda Tarawehe. Siku za mwanzo ndizo nzito. Wapo mabarazani walioacha hivyo, na pesa za sigara zikawanunulia watoto viatu vya Idi.