Tuliunyamazisha Mkanda kwa Sabuni

Tunaandika kutoka Magole, wilayani Kilosa. Sisi ni akina mama tisa, wakulima wa mpunga, mahindi na nyanya. Kijiji chetu kiko kwenye barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, karibu kabisa na Dumila. Huenda baadhi yenu mlilisikia jina la Magole kwa mara ya kwanza Januari 2014, mafuriko yalipoingia majumbani mwetu na kuikata barabara hiyo darajani. Siku zile tulijifunza jinsi safari inavyoweza kuwa uhai wa mtu. Ndiyo maana baada ya kuchanga kidogo kidogo kwa muda mrefu, tulinunua pikapu kuukuu ya dizeli, tukaikabidhi kwa kijana wetu mmoja aiendeshe.

Leo hatukuja kuwaeleza faida tuliyoipata. Tumekuja kuwaeleza kosa letu, maana ni kosa ambalo familia yoyote yenye gari, au hata mashine ya kusaga, inaweza kulifanya kesho asubuhi.

Kelele za asubuhi

Ilianza kama mzaha. Kila gari lilipowashwa alfajiri, chini ya boneti kulitoka mlio mkali kama wa nguruwe aliyeshikwa mguu. Baada ya dakika chache ulinyamaza. Watoto waliucheka, nasi tukauzoea.

Kijana wetu hakuuzoea. Jioni moja alikuja kwenye kikao chetu, akatuamkia, akasema, "Mama zangu, mkanda wa feni unalia. Naomba ununuliwe mwingine."

Mweka hazina wetu akamjibu kwa upole, "Mwanangu, vumilia tuuze mpunga. Gari si linatembea?"

Tukakubaliana naye sote. Bei ya mkanda ule haikufika hata gunia moja la mpunga, lakini mkono wetu ulikuwa mzito. Mmoja wetu akakumbuka dawa aliyowahi kuiona kwa madereva wa zamani: kuupaka mkanda sabuni ya mche. Kesho yake tukaipaka. Kweli, mlio ukaisha! Tukajisifu kwamba tumeokoa fedha za kikundi. Kumbe tulikuwa tumemziba mdomo mlalamikaji bila kusikiliza malalamiko yake.

Usiku wa saa nane

Wiki ya tatu, usiku wa saa nane, tuligongewa mlango. Mkwe wa mmoja wetu alikuwa amepata uchungu, na muuguzi aliyempima akasema afikishwe Morogoro haraka, kwa kuwa damu ilikuwa inatoka kabla ya wakati. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Tukatandika godoro nyuma ya pikapu, watatu tukapanda pamoja na mama mkwe wake, tukaondoka. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 60.

Kabla hatujafika Dakawa, ilisikika sauti kama ya kofi chini ya boneti. Hapohapo taa nyekundu yenye picha ya betri ikawaka mbele ya dereva. Akapunguza mwendo. Sisi tukagonga kioo: "Twende tu, baba! Betri tutaitazama kesho!" Taa za mbele zilikuwa zinawaka na injini inavuma kama kawaida, hivyo tukaona hakuna neno. Akatutii. Kutii huko nusura kutugharimu uhai wa watu wawili.

Baada ya kilomita chache alituambia breki imekuwa ngumu. Kisha mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, na mvuke ukafunika kioo cha mbele. Akasimama pembeni. Alipofungua boneti na kumulika kwa tochi, mkanda haukuwapo. Vilibaki vipande viwili vya nyuzi vimejizungusha kwenye puli.

Tulikaa gizani pale na mgonjwa akiugua. Mama mkwe alimshika kichwa bila kusema neno, na kimya chake kilituuma kuliko matusi. Kila mmoja wetu alikuwa anaifikiria ile sabuni.

Baada ya muda ambao kwetu ulikuwa kama usiku mzima, lori la mahindi kutoka Kibaigwa lilisimama. Dereva alishuka, akatazama, akauliza swali moja tu: "Mgonjwa anaweza kukaa?" Utingo wake akapanda juu ya magunia, mgonjwa na mama mkwe wake wakaingia ndani, nao wakaondoka. Sisi tulibaki na pikapu hadi kulipokucha.

Tunashukuru kwamba walifika. Mama alifanyiwa upasuaji, akapona, na mtoto wa kike yu hai. Lakini daktari alimwambia mama mkwe wake kwamba saa moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Maneno hayo hatujayasahau.

Kamba moja, kazi nne

Asubuhi ile fundi aliyetufuata barabarani alitufundisha jambo ambalo tulipaswa kulijua tangu siku tuliponunua gari. Mkanda ule mmoja hauzungushi feni peke yake. Katika gari kama letu huzungusha pia pampu inayopeleka maji ya kupoza injini, pamoja na altaneta inayochaji betri. Na katika baadhi ya magari ya dizeli, nyuma ya altaneta kuna pampu ndogo inayoisaidia breki. Ndiyo maana mkanda ulipokatika tuliona mambo kwa mfuatano: taa ya betri, breki ngumu, kisha joto. Taa ile haikuwa inazungumzia betri tu. Ilikuwa inatuambia, "Simameni!"

Tulimuuliza kuhusu sabuni. Akacheka kwa huzuni. Mkanda huvuta kwa kuung'ang'ania ukuta wa puli. Ukilegea, huteleza, ukiteleza, hupata joto, na pande zake huwa ngumu na kung'aa kama kioo. Mlio ule ni sauti ya kuteleza. Sabuni huondoa sauti, lakini utelezi unabaki, tena huongezeka.

Jinsi tunavyoukagua sasa

Akina mama wenzetu, msidhani jambo hili ni la mafundi peke yao. Fundi yule alitutaka kila mmoja wetu aweke kidole chake. Sasa kila Jumamosi wawili kati yetu hukagua pamoja na dereva, na kazi yote haizidi dakika kumi.

Kwanza, injini huzimwa na kuachwa ipoe, na ufunguo hukaa mfukoni mwa anayekagua. Kanga na mtandio hufungwa vizuri. Kifuniko cha rejeta hakiguswi kikiwa cha moto.

Pili, tunaushika mkanda katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi, tunaubonyeza kwa dole gumba kwa nguvu. Unapaswa kuzama kiasi cha sentimita moja hivi. Kila gari lina kipimo chake katika kitabu chake, lakini kidole kikizoea hutambua haraka mabadiliko. Ukizama sana, umelegea. Usipozama kabisa, umekazwa kupita kiasi, nao huo ni ubaya wa aina nyingine: huua beringi za altaneta na za pampu ya maji, ambazo bei yake ni kubwa kuliko ya mkanda.

Tatu, tunaugeuza kidogo na kuumulika upande wa ndani, kwa sababu mgongo unaweza kuonekana mzima huku tumbo limepasuka. Tunatafuta nyufa, nyuzi zilizochomoza, vipande vilivyonyofoka, na ule mng'ao wa kioo. Tunatazama pia kama kuna oili, kwa maana oili hulainisha mpira na kuuharibu. Mkanda uliolowa oili haufutwi tu na kuachwa. Hubadilishwa, na mahali inapovuja hutengenezwa.

Nne, tunatazama jinsi ulivyokaa kwenye puli. Mkanda wenye umbo la V huvuta kwa mbavu zake. Ukiona umezama hadi kugusa chini ya mfereji, ujue mbavu zimelika, na kuukaza hakutasaidia.

Tano, tunaandika katika daftari: tarehe, kilomita, na tulichokiona. Mweka hazina ndiye alidai daftari hilo lianzishwe.

Tunaponunua mkanda mpya, tunakwenda na ule wa zamani na kulinganisha namba zilizoandikwa mgongoni. Kama injini ina mikanda miwili inayokwenda sambamba, hubadilishwa yote pamoja, maana mpya ukifungwa na mkongwe, mmoja hubeba mzigo wa wawili. Fundi hulegeza kwanza boliti ya altaneta; haulazimishi mkanda kwa bisibisi. Na kwa kuwa mkanda mpya hunyooka kidogo, tunaukagua tena baada ya siku chache za kazi. Ule wa zamani, kama bado haujapasuka, huwekwa nyuma ya kiti pamoja na spana zake. Ungekuwapo usiku ule, tungeondoka pale mapema.

Kwa wenye magari mapya zaidi

Magari mengi ya siku hizi yana mkanda mmoja mpana wenye mistari ya mifereji midogo, unaokazwa na springi yenyewe. Huo hauhitaji kukazwa kwa mkono, lakini unahitaji macho. Mipira ya kisasa yaweza kulika bila kuonyesha nyufa nyingi, kwa hiyo fundi hutazama kina cha ile mifereji, na pia puli ya kukazia kama inatikisika.

Tena upo mkanda mwingine usioonekana, uliofichwa ndani ya kifuniko mbele ya injini, ambao mafundi huuita taimingi belti. Si kila injini inao. Nyingine hutumia mnyororo au gia. Huo haupigi kelele kabla ya kukatika, na katika injini nyingi ukikatika vavu na pistoni hugongana. Hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita. Pikapu nyingi za Toyota za dizeli zina taa yenye maandishi T-BELT kwa ajili ya kazi hiyo. Ukinunua gari kuukuu, uliza ulibadilishwa lini. Usipopata jibu la kuaminika, ubadilishe.

Nanyi wenye mashine za kusaga, mikanda yenu ni ndugu wa hii yetu. Kagueni mashine ikiwa imezimwa, na msiiache bila kizuizi cha kukinga nguo na mikono ya watoto.

Tulichomwambia kijana wetu

Jumapili iliyofuata tulimwita dereva kwenye kikao. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa, akidhani anaachishwa kazi. Mweka hazina alisimama, akasema, "Mwanangu, wewe ulituambia, sisi hatukusikia. Utusamehe." Si rahisi kwa watu wazima kumwomba radhi kijana mbele ya kikao, lakini ilitupasa. Toka siku hiyo tuliamua kwamba akisema gari halitembei, halitembei, hata kama mpunga umeshapakiwa.

Wahenga walisema, mdharau mwiba guu huota tende. Mwiba wetu ulitulilia kila asubuhi kwa wiki tatu. Msomaji mpenzi, kama gari lenu linalia asubuhi, kesho kabla ya kuliwasha fungueni boneti. Weka dole gumba lako pale. Na yeyote nyumbani mwenu anayesema, "Mbona kuna sauti?", hata akiwa mdogo, msikilizeni.