Siku ya Mapumziko ya Wageni, na Kapu la Simu Mlangoni



Kila Februari Mji Mkongwe hujaa wanamuziki. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, huwaleta Ngome Kongwe kutoka kila pembe, na ukipita Forodhani jioni unasikia ngoma za nchi ambazo hujawahi kuzifikia. Wengi wao hupiga usiku mmoja, wakapata siku moja ya kupumzika, kisha wanapanda ndege. Safari hii siku hiyo moja tuliipata sisi. Tuliombwa tuwatembeze wanawake wawili wa bendi moja ya Afrika Magharibi, mwimbaji na mpiga ngoma, Waislamu wote wawili. Wanaume wa bendi walikwenda Nungwi kuogelea. Hawa walisema wanataka kuona wanawake wenzao wanaishi vipi.

Tulianza Darajani asubuhi, soko lililosimama tangu 1904, tukawanusisha karafuu, iliki na mdalasini. Kisha tukaingia Mchangani kutafuta kanga, na hapo tukakaa saa nzima, kwa sababu kila kanga walitaka tuwasomee jina lake. Kifaransa cha wifi yetu ndicho kilichotuokoa. Mwimbaji alimnunulia mama yake doti moja, baada ya kuuliza mara mbili kama maneno yake hayamsuti mtu.

Tulipopumzika barazani kwa kahawa na kashata, akatuuliza jambo lililokuwa moyoni mwake. Kwao wapo wanaomwambia kuwa mwanamke wa Kiislamu haimbi. Na kwetu je?

Hatukumficha. Hapa pia wapo wanaosema hivyo, na masheikh wenyewe wanatofautiana. Lakini tulimsimulia habari za Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika umasikini, akatembea akiuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, naye ni mwanamke wa Kiswahili katika mji wa watu, kama wao walivyokuwa siku ile kwetu. Tukamtajia na Bi Kidude, aliyezunguka dunia na kupata tuzo ya WOMEX mwaka 2005, lakini hapa nyumbani wanawake walimjua kwa msondo na kuwafunda wari, mpaka alipofariki Aprili 2013. Mwimbaji alisikiliza kimya, kisha akaomba tumwandikie majina hayo mawili kwenye karatasi.

Baada ya Alasiri tuliwapeleka Mkunazini, kwenye nyumba ya shoga yetu. Mdogo wake alikuwa anatiwa hina, nikaha ni kesho yake. Chumba kimejaa wanawake, udi unafuka, vikuba vya asumini vimepangwa kwenye sinia, na wasichana wa kasida wanapasha dufu zao moto. Bibi harusi amekaa mkekani, nywele wazi, mikono na miguu ameinyoosha.

Mpiga ngoma akatoa simu. Meneja wao alikuwa amewaomba wapige video za siku ya mapumziko, mashabiki wanazipenda. Chumba kizima kikanyamaza.

Walionyamaza walikuwa na sababu. Mwaka jana biharusi mmoja tunayemjua alipigwa picha katika faragha ya namna hii, mabega wazi. Kabla hajafika kwa mumewe picha ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na ndugu wa mume waliiona. Ndoa ilisimama, alhamdulillah, lakini yule binti alilia fungate nzima.

Somo wa bibi harusi hakugomba. Alimwaga maua yaliyobaki kwenye kapu la ukili, akaliweka mlangoni, akatutazama sote. Wifi akatafsiri. Mwimbaji ndiye aliyetangulia kuweka simu yake kapuni. Mwenzake akafuata, na sisi wenyeji nyuma yao, maana nusu yetu tulikuwa tumeshika simu mikononi.

Hapo ndipo shughuli ilipochangamka. Mpiga ngoma alisikiliza kasida mbili, vidole vikigonga goti lake, kisha akapewa dufu. Mapigo yake yaligongana na yetu, tukacheka, akajaribu tena hadi akayapata. Bibi harusi, aliyekuwa kimya tangu asubuhi kwa hofu ya kesho, akaanza kuitikia. Hakuna video ya jioni ile, na yeye mwenyewe ndiye aliyefurahi zaidi kwa hilo.

Nyinyi mnaojiandaa, tunawaomba jambo hili mliweke mapema. Mteueni mtu mzima mmoja wa kukaa mlangoni na kapu, asiwe mama yenu, ana mengi. Mpiga picha akihitajika awe mwanamke, na mkubaliane kwa maandishi nani atakaa na picha hizo. Wapigaji na wapambaji waambieni sharti hili siku mnapolipa arubuni, msingoje ukumbi ujae. Na mgeni akiwa hajui ada yetu, aelezwe kwa upole. Wageni wetu wale walielewa kwa neno moja.

Waliondoka alfajiri wakiwa na hina viganjani. Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na awasitiri mabibi harusi wetu wote. Amin.